Prosesa ya Seva Imefika Asilimia 100: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaotunza seva za maofisi hapa Mombasa: kampuni za kutoa mizigo bandarini, maghala ya Shimanzi na Changamwe, madalali wa chai, mahoteli, maduka ya jumla. Mara nyingi mtunzaji ni mtu mmoja tu, na huyo huyo ndiye anayeitwa printa ikikwama karatasi. Maswali nimeyapanga jinsi watu wanavyoyauliza wakiwa na haraka, kwa hivyo la kwanza ndilo la dharura.

Mfumo umeganda na ofisi nzima inasubiri. Nizime seva niwashe tena?

Usizime bado. Jipe dakika tatu kwanza.

Prosesa kupanda ni dalili, kama homa. Aliyeipandisha yumo ndani ya mashine wakati huo huo, na ukizima anatoweka na ushahidi wote. Mfumo utarudi, watu watashukuru, halafu kesho kutwa saa nne asubuhi utapigiwa simu ile ile.

Kuna ofisi moja ya kutoa mizigo niliyoihudumia namna hiyo karibu wiki tatu. Mhasibu wao, mama mtu mzima, alikuwa akinipigia: "Mwanangu, imelala tena." Nami namjibu: "Shikamoo mama, naiamsha sasa hivi." Nazima, nawasha, inapona. Siku moja akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, kila siku waiamsha. Ni kitu gani chailaza?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kila nilipofika nilianza kwa kufuta jibu lenyewe. Tangu siku hiyo sizimi seva kabla ya kuandika nilichokikuta.

Kwenye Linux, amri mbili zinatosha:

`top -b -d 5 -n 3 > /root/hali.txt`
`ps aux --sort=-%cpu | head -20 >> /root/hali.txt`

Ya kwanza inapima mara tatu kwa kupishanisha sekunde tano. Kipimo cha kwanza usikiamini sana. Soma cha pili na cha tatu. Kwenye Windows, fungua Task Manager, ingia Details, panga kwa safu ya CPU, piga picha ya skrini na uandike PID, yaani namba ya mchakato (programu inayoendeshwa). Ukimaliza, anzisha upya huduma iliyoelemewa peke yake. Kuzima mashine nzima ni hatua ya mwisho.

`top` inaniambia asilimia 380. Prosesa inapitaje 100?

Linux huhesabu kila kiini cha prosesa kuwa 100. Mashine ya viini 4 ina kikomo cha 400, kwa hivyo 380 maana yake mchakato mmoja umekula karibu mashine yote. Bonyeza tarakimu 1 ndani ya `top` uone kila kiini peke yake.

Windows hufanya kinyume: huhesabu viini vyote kwa pamoja kuwa 100. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kwenye mashine ya viini 8, uzi (thread) mmoja wa programu ulionaswa kwenye mzunguko usio na mwisho utaonekana kama asilimia 12 au 13 tu. Mtu anaangalia anasema seva imepumzika, kumbe kiini kimoja kinaungua tangu asubuhi. Namba ndogo isiyosogea kabisa, dakika baada ya dakika, ichunguze kama unavyochunguza 100.

Na zile namba tatu za mzigo, "load average"?

Ni wastani wa dakika 1, dakika 5 na dakika 15. Zilinganishe na idadi ya viini, ambayo utaipata kwa amri ya `nproc`. Mzigo wa 4 kwa viini 4 ni kazi kamili isiyo na foleni. Mzigo wa 12 kwa viini 4 ni foleni ndefu. Ila Linux huwahesabu humo pia wanaosubiri diski. Ukikuta mzigo wa 20 na prosesa imekaa bure kwa asilimia 70, acha prosesa, nenda kaangalie diski.

Nianzie wapi kuisoma `top`?

Anzia mstari wa prosesa pale juu, kabla hujaangalia orodha ya michakato. Herufi zake ndizo zinazokuonyesha njia.

`us` ni kazi ya programu zako zenyewe. Ikiwa juu, tatizo liko kwenye programu au hifadhidata. `sy` ni kazi ya mfumo endeshi wenyewe. Ikipita robo ya jumla kwa muda mrefu, shuku mchakato unaofungua na kufunga faili au miunganisho ya mtandao maelfu kwa maelfu. `wa` ni kusubiri diski. `st` inahusu mashine pepe, yaani seva ya kuigizwa ndani ya mashine kubwa zaidi; nitaigusa huko chini.

Niliwahi kuitwa kwa seva iliyosemekana "prosesa imekufa". `us` ilikuwa 6, `wa` ilikuwa 71. Diski moja kati ya mbili zilizounganishwa pamoja ilikuwa imeharibika, na nyingine ilikuwa ikibeba kazi yote. Wenyewe walikuwa wameshaomba bei ya prosesa mpya.

Programu yetu ni ya Java. Najua ni yenyewe inayokula, lakini ni sehemu gani yake?

Java inakuruhusu kuuliza moja kwa moja, bila kuwa na msimbo wa programu mkononi. Tuseme mchakato wa Java ni namba 4127. Andika:

`top -H -p 4127`

Sasa unaona nyuzi zake moja moja. Tuseme uzi namba 4163 umeng'ang'ania 99. Geuza namba hiyo iwe ya msingi wa 16:

`printf '%x\n' 4163`

Utapata 1043. Kisha chukua picha ya nyuzi zote:

`jstack 4127 > /tmp/nyuzi1.txt`

Rudia mara tatu kwa kupishanisha sekunde kumi, kila picha na faili yake. Fungua faili, tafuta `nid=0x1043`; matoleo mapya ya Java huandika namba ya kawaida, basi ukikosa tafuta 4163. Mistari iliyo chini yake ni njia ambayo uzi huo ulikuwa ukipita wakati ule. Ikiwa picha zote tatu zinaonyesha mahali pale pale, mwizi umemshika mkono, na faili hiyo ndiyo ya kumtumia aliyeiandika programu. Fundi wa programu akiambiwa "mfumo ni mzito" hana pa kuanzia. Akionyeshwa jina la kazi na namba ya mstari, hana pa kukwepea.

Picha ya nyuzi husimamisha programu kwa muda mfupi tu, kwa hivyo ichukue hata mchana. Picha ya memori nzima ni jambo jingine: inaweza kuigandisha programu kwa dakika kadhaa. Hiyo ngoja jioni.

Kwenye Windows, kwa programu inayoendeshwa na IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, tumia `procdump -ma -c 80 -s 5 -n 3` ikifuatiwa na PID. Inasubiri prosesa ipite 80 kwa sekunde 5, inapiga picha, mara tatu. Hakikisha diski ina nafasi kwanza: mchakato wenye memori ya GB 12 utaacha faili tatu za ukubwa huo.

Nyuzi zinazokula zimeandikwa "GC". Hizo nazo ni nini?

Huyo ni mfagiaji wa memori. Java haimwachii mwandishi wa programu kazi ya kurudisha memori aliyomaliza kuitumia; kuna mfagiaji anayepita kuikusanya. Memori ikikaribia kujaa, anafagia bila kupumzika na hapati kitu, na prosesa yote inaishia kwenye ufagio.

Mthibitishe kwa `jstat -gcutil 4127 1000`, ambayo huandika mstari kila sekunde. Safu ya `O` (asilimia iliyojaa ya memori ya vitu vya muda mrefu) ikikaa 99 na ya `FGC` (idadi ya ufagiaji kamili) ikiongezeka kila baada ya muda mfupi, ndiye. Kumwongezea memori kwa `-Xmx` kunaweza kukupa nafuu ya leo. Lakini angalia `O` inashuka hadi wapi baada ya kila ufagio: ikiwa sakafu yake inapanda siku hadi siku, programu inavuja, na memori utakayoongeza nayo itajaa. Mara nyingi ninachokikuta ni ripoti inayovuta rekodi za miaka yote kutoka kwenye hifadhidata ili ionyeshe za wiki moja.

Anayekula ni hifadhidata. Niongeze prosesa?

Karibu kila mara, hapana. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye ukurasa huu, kwa hivyo vumilia maelezo marefu.

Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7: herufi tatu za mwenye kontena, ya nne ya aina, mara nyingi U, kisha tarakimu sita na moja ya kuhakiki. Makarani wa bandarini hawaitaji yote. Wanasema, "Nitazamie ile ya mwisho elfu nne mia tano ishirini na moja." Programu iliyoandikwa kwa ajili yao iliwafuata: kisanduku cha kutafuta kilipokea tarakimu za mwisho na kuituma kwa hifadhidata hoja hii:

`WHERE namba_kontena LIKE '%4521'`

Faharasa ya hifadhidata hufanya kazi kama faharasa ya kitabu, inaanza herufi ya kwanza. Ukimpa mtu kitabu ukamwambia atafute maneno yanayoishia na "-ana", faharasa haimsaidii. Itabidi asome kila neno. Alama ya `%` ikitangulia, ndicho unachoiambia hifadhidata: soma kila rekodi, tangu siku kampuni ilipofunguliwa. Karani mmoja akitafuta hutahisi. Meli ikishateremsha mzigo, makarani kumi na watano wanatafuta kwa pamoja, kila mmoja akibonyeza mara ya pili kwa kuwa ya kwanza imechelewa, na prosesa inafika 100 ikakaa hapo.

Ofisi hiyo ndiyo ile ya mama mhasibu. Dawa yake haikuwa na gharama. Tuliongeza safu ya pili inayohifadhi namba ile ile ikiwa imegeuzwa nyuma mbele, tukaiwekea faharasa, na programu ikawa inageuza kile karani alichoandika na kutafuta `LIKE '1254%'`. Alama imehamia mwisho, faharasa ikarudi kazini. Hoja iliyokuwa ikichukua sekunde kadhaa ikawa inajibiwa kabla karani hajainua kidole. Nilipompigia mama kumweleza kilichokuwa kikiilaza, alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ni kutafuta tu. Haya, Mungu akubariki."

Kuzipata hoja za namna hiyo: kwenye MySQL, tumia `SHOW FULL PROCESSLIST` wakati prosesa iko juu, na uwashe logi ya hoja za polepole. Kikomo chake cha awali ni sekunde 10, ambacho ni kirefu mno. Kishushe hadi 1. Kwenye PostgreSQL, soma `pg_stat_activity`. Ukiipata hoja, itangulizie neno `EXPLAIN` na uone kama inasoma jedwali zima.

Kwetu prosesa inapanda saa mbili asubuhi kila siku, kisha inashuka yenyewe. Kwa nini?

Kitu kinachotokea kwa saa kamili kimepangwa na mtu. Kwenye Linux mpangaji wa kazi ni cron: soma `crontab -l` ya kila mtumiaji, na faili za `/etc/cron.d`; kwenye Windows, soma Task Scheduler.

Halafu uliza saa zenyewe zilisemwa kwa lugha gani. Nimekuta hili zaidi ya mara moja: mwenye kampuni anasema nakala rudufu ifanywe "saa nane usiku". Anayeipanga anaandika 8. Kompyuta haijui saa za Kiswahili. Saa nane usiku kwake ni 2, na 8 ni saa mbili asubuhi, wakati hasa mlango wa ofisi unafunguliwa. Kubana nakala rudufu kunakula prosesa vibaya sana, na kila siku watu walianza kazi huku seva ikiwa katikati ya kubana.

Kuna na mtego wa pili. Seva nyingi za wingu huendeshwa kwa saa za UTC, saa sanifu za dunia, na sisi tuko saa tatu mbele. Kazi iliyoandikwa saa 5 ya UTC inaanza saa mbili asubuhi yetu. Andika `timedatectl` ujue mashine yako inafuata saa ipi kabla ya kupanga chochote.

Angalia pia kazi inayoanzishwa kila dakika tano ilhali sasa inachukua dakika saba. Zinapandana, zinaongezeka, mpaka seva inalemewa. Itangulizie `flock -n` na faili ya kufuli, isianze ya pili kabla ya kwanza kumalizika.

Mwisho wa mwezi tu ndipo inalemewa.

Mishahara, PAYE inayotakiwa kufikia tarehe 9, VAT kufikia tarehe 20. Mzigo huo ni halali. Ripoti kubwa zipangwe usiku, au zisome kutoka kwenye nakala ya hifadhidata badala ya hifadhidata kuu.

Nimeona mchakato nisioujua, unakula vyote, hata Jumapili usiku.

Lichukulie kwa uzito wa hali ya juu. Inawezekana kuna mtu anachimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Desemba 2021, udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika logi, uliosajiliwa kama CVE-2021-44228 ulifungua mlango wa seva nyingi za Java duniani, na wachimbaji walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Majina kama `kinsing` na `kdevtmpfsi` yanajulikana; hilo la pili limeigiza jina la mchakato halali wa Linux, likaongeza herufi moja mwishoni.

Tazama `ls -l /proc/PID/exe`, ukiweka namba halisi mahali pa PID. Programu halali haiishi ndani ya `/tmp`, `/var/tmp` wala `/dev/shm`. Ukiua mchakato ukarudi baada ya dakika, kuna kazi ya cron inayourudisha. Lakini usihangaike kuua. Aliyeweza kuweka mchimbaji aliweza kusoma hifadhidata yako pia. Ichomoe seva kwenye mtandao, hifadhi nakala ya diski kwa uchunguzi, jenga mashine upya kutoka kwenye nakala rudufu safi, badilisha nywila zote. Na ikiwa kuna data za watu ambazo huenda zimeguswa kwa namna ya kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mwambie mwenye kampuni siku hiyo hiyo, usimfiche.

Joto la Mombasa linaweza kupandisha prosesa?

Linaweza, na kwetu nadhani linasahauliwa kupita kiasi. Prosesa ikipata joto mno hujipunguzia kasi ili isiungue. Kazi ni ile ile, kasi imeshuka, kwa hivyo asilimia inapanda bila mtu kuongeza chochote. Tafuta neno lenyewe kwenye logi: `dmesg | grep -i throttl`.

ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzijoto 18 na 27. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, nje tunapita 30 mchana, na vyumba vingi vya seva hapa ni stoo zilizowekewa kiyoyozi. Umeme ukikatika, jenereta inabeba kompyuta na taa, kiyoyozi kinabaki kimezimwa. Prosesa inapanda saa moja baadaye na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Fungua na kifuniko. Vumbi la hapa si kavu. Hewa ya bahari inalishikanisha. Nimewahi kuvuta kutoka kati ya mapezi ya kipoozi cha prosesa utando wa kijivu mzito kama pamba iliyolowa, umeziba njia ya hewa yote, na skrubu za feni zimeota kutu. Baada ya kusafisha kwa brashi na hewa ya kubanwa na kupaka upya ule mlendamlenda wa kupitisha joto, mashine ile ile ilishuka nyuzijoto nyingi bila kubadilishwa kifaa. Panga usafi huo mara mbili kwa mwaka, na mmoja uwe kabla ya kaskazi.

Kwenye Windows anayekula ni `MsMpEng.exe`.

Ni kinga ya virusi ya Microsoft. Usiizime. Iambie isikague faili za hifadhidata na folda za nakala rudufu, na ukaguzi kamili uuhamishie usiku. Ukiwa hapo, angalia mpango wa umeme: Windows Server huja na Balanced, na kwenye baadhi ya mashine huo unaishusha kasi ya prosesa. Weka High performance.

Seva yetu iko kwenye wingu. Asubuhi nyepesi, alasiri nzito.

Angalia ile `st`. Ni muda ambao mashine yako pepe ilitaka prosesa ikanyimwa, kwa kuwa jirani anaitumia au kwa kuwa mgao wako umekwisha. Mashine za bei nafuu za AWS (wingu la Amazon) za jamii ya T hulimbikiza mikopo ya prosesa zikiwa zimepumzika na kuitumia zikiwa na kazi. `t3.micro` ina msingi wa asilimia 10 tu ya kila kiini pepe. Mikopo ikiisha, ama unarudishwa kwenye msingi huo, ama unatozwa ziada, kulingana na mpangilio uliouchagua. Seva ya hesabu za kampuni inayofanya kazi kutwa haifai kukaa humo.

Jana ilikuwa sawa, na hakuna aliyegusa kitu. Inawezekana?

Inawezekana, ingawa sentensi hiyo huifuatilia hadi nijiridhishe. Tarehe 1 Julai 2012, saa tisa usiku kwa saa za hapa, sekunde moja ya ziada iliongezwa kwenye saa za dunia. Linux ilikuwa na kasoro katika kuipokea, na seva za Java na MySQL sehemu nyingi zikapanda hadi 100 bila mtu kuzigusa. Dawa ilikuwa kuipanga upya tarehe ya mashine kwa tarehe ile ile.

Data nayo huingia yenyewe. Tarehe 20 Julai 2016, Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, ilizimika kwa dakika 34 kwa sababu mtu aliweka chapisho lenye nafasi tupu zipatazo 20,000 mfululizo, na kanuni ya kulinganisha maandishi iliyokusudiwa kuondoa nafasi za mwanzo na mwisho wa mstari ikazunguka humo hadi prosesa zikajaa. Programu ilikuwa ile ile ya jana. Kilichobadilika ni kile ilicholishwa. Kwa hivyo usiulize tu nani aligusa seva. Uliza pia nini kiliingizwa leo ambacho jana hakikuwepo: faili la Excel, orodha ya mizigo ya meli kubwa, mteja mpya.

Basi lini ninunue mashine kubwa zaidi?

Ukishamjua anayekula, ukakuta ni kazi halali, hoja zina faharasa, memori inatosha, chumba ni baridi, na bado viini vyote viko juu ya 80 saa za kazi kwa wiki kadhaa. Hapo nunua bila kusita.

Uliza kwanza kama programu yako inatumia viini vingi kwa wakati mmoja. Kazi inayopita kwenye uzi mmoja haitaharakishwa na viini 32. Inataka kiini chenye kasi. Na ukitumia SQL Server yenye leseni ya viini, kumbuka leseni huuzwa kwa jozi za viini, na kila prosesa inahesabiwa viini 4 hata ikiwa na pungufu. Ukihama kutoka viini 8 hadi 16, bei ya leseni inakuwa mara mbili, na mara nyingi ni kubwa kuliko bei ya chuma chenyewe. Omba hesabu zote mbili kwa maandishi kabla mashine haijaagizwa.